Grisi ya Shemeji

Mie nilikaa eda ya mume wangu miezi minne na siku kumi nikiwa nimefunga mdomo, na kwa mdomo huo mwanamume mmoja alipoteza vidole vitatu. Habari ya vidole mtaa wetu wa Temeke wanaijua. Habari ya mdomo hawaijui, maana sikuwahi kumwambia mtu. Sasa nimezeeka, na wale ambao wangenisuta wengi tumeshawazika, basi acha niseme.

Mume wangu alikuwa fundi seremala. Uani kwetu alijenga banda la mabati, akaliegemeza kwenye ukuta wa chumba chetu cha kulala, na ndani ya banda akaweka mashine ya kupasulia mbao. Ilikuwa meza nzito ya chuma, katikati ina mwanya, na kwenye mwanya unachomoza msumeno wa duara unaozungushwa na mota kwa mkanda. Aliinunua kwa mkandarasi mmoja wa Kihindi aliyekuwa anafunga virago kuondoka nchini, miaka ile majumba yalipotaifishwa. Iliingia mtaani juu ya mkokoteni, wanaume wanane wanasukuma, na watu walitoka nje kuiangalia utadhani bibi harusi. Ya pili yake haikuwepo hapo karibu. Mafundi wa Tandika, wa Mtoni, hata wa Tabata kule, walibeba mbao zao za mninga na mkongo wakaja kupasuliwa kwetu, na sie tukala.

Sasa sikilizeni. Sifa zote za mashine ile zilikuwa za mume wangu, lakini aliyeitunza ni mie.

Ilianza kwa sababu ya mikono. Mume wangu alikuwa pande la mtu, mkono wake haupenyi chini ya meza, mahali penye yale magurudumu ya meno yanayopandisha na kushusha msumeno. Wa kwangu unapenya. Tena nilikuwa mshonaji, nina cherehani yangu tangu usichana, mambo ya chuma na mafuta niliyajua kabla yake. Basi kila Ijumaa, wanaume wakishakwenda msikitini, nilikuwa nafunga mlango wa ua, nachomoa waya wa umeme, nafungua mkanda, halafu najilaza chali chini ya meza na brashi ya rangi iliyochakaa.

Kazi yenyewe si ngumu kama una subira. Kwanza unafagia unga wa mbao wote, hata ule uliojificha pembeni. Halafu unachukua kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, unafuta utomvu wa mninga uliogandia kwenye msumeno, jino moja moja, maana utomvu ukizidi msumeno haukati, unaunguza. Kwenye beringi kuna kitundu. Humo unadondosha matone mawili ya mafuta ya cherehani, usithubutu la tatu. Juu ya meza unasugua nta ya nyuki, au mshumaa kama nta hakuna, halafu unafuta kwa kitambaa kikavu mpaka ubao ukiuweka unateleza wenyewe. Na kule chini kwenye magurudumu ya meno, nta hiyohiyo, kidogo sana. Grisi hata chembe. Unga wa mbao ukikutana na grisi unashikana nayo, unakuwa donge, donge linakauka kama saruji, mwisho msumeno haupandi wala haushuki.

Hilo tulijifunza kwa ujinga wetu wenyewe. Sie watu wa pwani kila kinacholia tunakipaka mafuta ya nazi: bawaba ya mlango, goti la bibi, mtoto mwenye kikohozi. Mwaka wa kwanza mashine ililia, nasi tukaimiminia mafuta ya nazi mazuri kabisa niliyoyapika mwenyewe. Loo! Ikaganda wiki nzima, sisimizi wakahamia humo na familia zao. Nilikwangua kwa pini ya nywele mpaka vidole vikavimba. Tangu siku hiyo nikaijua ile mashine, na sauti zake zote nikazijua, hata nikiwa jikoni nilikuwa naweza kusema leo mkanda umelegea au leo beringi ina kiu.

Mume wangu hakutaka mtu ajue. "Wakisikia mwanamke ndiye anayetia mkono kwenye mashine yangu, uso nitauweka wapi?" Jioni anakaa barazani na wenzake, kahawa mkononi, anawaambia mashine ile inataka mkono wa mwanamume, haitaki mchezo. Mie niko ndani nachambua mchele, kucha zangu nyeusi kwa utomvu. Mara nyingi nilicheka. Mara nyingine nilitamani nitoke nimmwagie maji ya mchele mbele ya wote. Sikutoka, kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu nilidhani tutazeeka pamoja.

Hakuzeeka. Kifua kilimchukua ndani ya wiki tatu, mtu aliyekuwa anabeba gogo begani peke yake. Nikaingia eda nikiwa na mabinti wawili, mmoja darasa la tatu, mwingine hajaanza shule. Na cherehani yangu ilikuwa imelala, maana miaka ile vitambaa vilikuwa havionekani. Khanga ikija kwenye duka la ushirika watu wanapanga mstari mpaka wanazimia. Kilichobaki cha kutulisha kilikuwa kimoja tu, ile mashine. Nilishapiga mahesabu yangu kichwani: eda ikiisha nitaita fundi mmoja mwaminifu asimamie upasuaji, mie nitaitunza kama nilivyoitunza siku zote, na wanangu watakula.

Siku ya tatu ya msiba mavyaa, mama wa marehemu, alinikata maini. Alisema mbele ya watu: "Mashine haigawanywi vipande. Atakayeiweza ndiye ataichukua. Eda ikiisha tutakaa kikao. Wewe mwanangu una cherehani yako." Shehe angeulizwa angewaambia wanangu wana fungu kubwa kuliko wote. Hakuna aliyemuuliza. Na wa kuiweza alishakaa pale pembeni ya mama yake, amekunja miguu, anatafuna tende.

Huyo ndiye shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Alikuwa anafanya kazi kwenye karakana ya malori ya shirika moja la umma, kazi yake kupaka grisi. Malori yalikosa vipuri, yakalala, naye akalala nayo, mshahara anapokea, kazi hana. Alikuwa mtu wa maneno matamu kwa wakubwa na meno ya mbwa kwa wadogo. Kesho yake asubuhi alikuja na shati la kazi la marehemu mgongoni. Shati hilo nililishona mie. Hakuniomba, alilichukua tu kwenye kamba.

Mie nilikuwa chumbani. Mwanamke wa eda kwetu anakaa ndani, amevaa nyeupe, hajipaki mafuta ya kunukia, hajitazami kwenye kioo, haongei na mwanamume anayeweza kumuoa. Nilikaa na wifi yangu, dada wa marehemu, mwanamke mwema asiyeweza kunyamaza hata akiambiwa kuna chui mlangoni. Yeye ndiye alikuwa macho yangu. Anatoka, anarudi, ananisimulia. Na upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mashine, kwa hiyo masikio nilikuwa nayo ya kwangu.

Siku hiyo ya kwanza wifi alirudi anacheka. "Kaka kaja na kopo zima la grisi kutoka kazini! Anaipaka ile mashine utadhani mkate. Kaipaka mpaka ndani huko chini."

Nilisimama. "Mwambie asipake grisi," nikasema. "Mwambie ni nta tu. Grisi itaganda na unga."

Akaenda akamwambia. Nikasikia kicheko cha wanaume bandani, maana alishajaza wateja na wapiga soga. Halafu nikasikia kandambili zinakuja, zinasimama chini ya dirisha langu. Hakutazama ndani, adabu hiyo alikuwa nayo. Akasema kwa sauti wote wasikie:

"Shemeji, cherehani yako iko ndani, shona. Chuma waachie wenye nacho. Tena mwanamke wa eda sauti yake haisikiki uani kwa wanaume. Nikikusikia tena, au nikisikia umetuma mtu kutia neno kwenye kazi yangu, namwambia mama umevunja eda, na kwenye hicho kikao hutaingia hata mlangoni."

Wanaume wakacheka tena. Kuna mmoja alisema, "Mpashe huyo, anataka kuvaa suruali ya marehemu." Sauti yake niliitambua. Mbao za kitanda chake tulizipasua bure.

Nilikaa chini kwenye mkeka. Kwa hasira nilitamani nimng'ate mtu. Wifi akanishika bega akasema nimsamehe, kaka ndivyo alivyo. Nikamwambia nimesamehe. Sikusamehe kitu. Nilisema moyoni, haya bwana, umenikataza sauti? Hutaisikia.

Mwezi wa kwanza mashine ilikwenda vizuri, na hiyo ndiyo hila ya grisi. Ilikwenda kimya, laini, kuliko hata siku zetu. Nilimsikia akijigamba kwa wateja: "Kaka yangu alikuwa anaibembeleza tu. Mashine lazima ishibe." Wakamsifu. Mavyaa alikuja kunitazama, akaniambia, "Mwanangu kaiweza, alhamdulillahi." Nikasema alhamdulillahi. Mchana huo sikuweza kula.

Mwezi wa pili nilianza kusikia. Kwanza ule usukani wa mkono unaopandisha msumeno. Zamani ulizunguka kwa mlio mwepesi, ti-ti-ti. Sasa ukawa unakwaruza, unasita. Halafu nikasikia anaupiga kwa nyundo. Kha! Mashine ya Uingereza inapigwa nyundo! Wifi akaniambia amechomeka bomba la chuma kwenye usukani apate nguvu ya kuuzungusha. Nikajua donge limeshaanza kukauka.

Mwezi wa tatu usukani ukanyamaza kabisa. Msumeno ulikuwa umeganda juu, umechomoza wote, na yeye akaona si neno, juu si ndiyo unakata zaidi? Ubao mwembamba ukipita kwenye msumeno uliochomoza sana unalia kwa namna yake, sauti ya juu, kali, inayokwenda mpaka kwenye mizizi ya meno. Kila nikiusikia nilikuwa naona chuma kilivyosimama wazi juu ya mkono wa mtu. Marehemu alikuwa hapasui hata kipande msumeno ukizidi upana wa kidole juu ya ubao. Alikuwa anasema ule uliobaki juu haukusaidii wewe.

Na meza nayo. Hakuisugua nta hata siku moja. Temeke ni mji wa unyevu, jasho na chumvi ya bahari vinaingia mpaka kwenye sanduku la nguo. Wifi alisema anaweka birika la chai juu ya meza, na mbao mbichi anazilaza hapohapo. Kutu ikashika. Nikawa nasikia ubao hautelezi tena. Unakwama, anausukuma, unakwenda ghafla, unakwama. Harufu ya mninga unaoungua ikawa inaingia dirishani kila siku, maana na meno ya msumeno hakuyafuta. Alikuwa anasukuma kwa kifua. Namsikia anahema. Namsikia anatukana mbao, anasema mbao za siku hizi mbaya, serikali inauza mbao mbaya.

Ningeweza kusema. Kwa sentensi moja ningeweza. Nilikuwa nakaa pale nimeegemea ukuta, tasbihi mkononi, naizungusha, na badala ya kumtaja Mungu nilikuwa nahesabu makosa ya shemeji. Wifi aliwahi kuniuliza, "Mbona siku hizi unatabasamu peke yako?" Nikamwambia namkumbuka marehemu.

Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba nilichotaka ni mashine igome tu. Igome, aaibike, kikao kione hakuiweza, nipewe mie. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Si kweli. Mtu aliyeijua ile mashine kama mie, akasikia msumeno umeganda juu, meza imeshika kutu, na mwanamume anasukuma kwa kifua, alijua mwisho wake ni nini. Nilijua. Nilikuwa nangoja, na kungoja kwenyewe kulikuwa kutamu.

Ilikuwa asubuhi ya Jumanne, zimebaki siku tisa eda yangu iishe. Alikuwa na kazi ya viti vya ofisi moja, anapasua vipande vyembamba vya migongo. Mvua ilikuwa imenyesha, wapiga soga hawakuja, wifi alikuwa jikoni. Nilimsikia anawasha. Akapasua kipande cha kwanza, cha pili. Cha tatu kikakwama katikati. Msumeno ukasimama, mota ikawa inaunguruma chini chini, mkanda unateleza na kunuka mpira. Mtu mwenye akili anazima hapo. Hakuzima. Akapumzika kidogo, nikamsikia anafuta jasho, anavuta makamasi. Akasema na ubao, taratibu, "Twende mama, twende."

Nilisimama. Nilikuwa karibu na ukuta, kati yetu hakuna hata hatua mbili. Neno lilikuwa moja tu: zima. Lilikuja mpaka kwenye ulimi, wallahi, nikalisikia kama punje. Nikaliuma. Nikasema kimoyomoyo, sauti ya mwanamke wa eda haisikiki uani.

Akasukuma. Msumeno ukaachia kwa ghafla, ukaunyakua ubao, ukaurusha nyuma. Nikausikia unagonga bati la upande wa pili. Mota ikapanda juu, nyepesi, haina mzigo. Yeye hakupiga kelele mara moja. Alisema "Ah," pole pole, kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau sokoni. Halafu ndiyo akapiga kelele.

Wifi alipita mbio, akaita watu, jirani mmoja akatoa pikapu yake. Nilisikia yote. Nilisikia mtu anasema, "Viokoteni, viokoteni, viwekeni kwenye barafu," na mwingine anamjibu, "Barafu ya kutoka wapi?" Wakamfunga mkono kwa lile shati nililolishona, wakaondoka naye kwenda hospitali. Ua ukawa mtupu, na katika heka heka yote ile hakuna aliyekumbuka kuzima mashine. Ikawa inazunguka peke yake, msumeno unakata hewa, na beringi ambayo miezi minne haikuonja mafuta inalia kwa kiu.

Hapo ndipo nilipotoka. Eda yangu niliivunja siku hiyo, na Mungu anajua sikuivunja kwa ajili ya vidole vya mtu. Niliivunja kwa ajili ya beringi. Nikazima swichi. Nikachomoa waya. Meza ilikuwa imejaa damu, na damu inashikisha chuma kutu haraka kuliko maji, kwa hiyo nikaingia ndani nikaleta mafuta ya taa na kitambaa, nikafuta. Nikafuta na msumeno, jino moja moja. Nikasugua mshumaa mpaka chuma kikaanza kung'aa. Halafu nikanawa mikono, nikarudi kwenye mkeka wangu, nikashika tasbihi. Wifi aliporudi jioni amevimba macho, alinikuta nimekaa vilevile.

Vidole vilikuwa vitatu vya mkono wa kulia: cha shahada, cha kati, na cha pete. Nilipoambiwa cha shahada kimekwenda, nilifikiria kwenye swala, pale mtu anapokaa akanyoosha kidole kumshuhudia Mungu mmoja. Atanyoosha nini? Mawazo hayo yalinijia, na hayakuniliza. Nawaambieni ukweli, usiku ule nililala usingizi mzuri kuliko tangu mume wangu afe.

Kikao kilikuwa kifupi. Mavyaa alilia akasema mashine ile imeonja damu ya mwanawe, haitaki kuiona, mwenye kuitaka aibebe na balaa lake. Nikasema kwa sauti ndogo nitaibeba. Wakanionea huruma! Mjomba mmoja alisema, "Maskini, atafanya nini nayo?" Nilikaa siku nne chini ya meza nakwangua grisi ya shemeji kwa bisibisi na pini. Ilitoka vipande vipande, vigumu, vyeusi, na unga wa mninga umo ndani. Siku ya tano usukani ukazunguka, ti-ti-ti, msumeno ukashuka. Nililia hapo, ndiyo, nililia kwa furaha. Nikaita fundi wa kupasua. Mbao zikarudi. Wanangu wakala, wakasoma.

Mlango wa ua sikuufunga tena siku za Ijumaa. Aliyetaka kunitazama anitazame.

Shemeji alikuja baada ya miezi mingi. Nilikuwa nimelala chali chini ya meza, mkono umepita ndani mpaka kwenye kiwiko, nikaona miguu ya mwanamume imesimama pale mlangoni, haisogei. Nikajitoa. Alikuwa amekonda, mkono wa kulia ameuficha chini ya kanzu. Kazini walikuwa wamemhamishia getini.

"Shikamoo shemeji," akasema. Miaka yote hakuwahi kuniamkia. Nikaitika.

Aliangalia brashi, aliangalia kipande cha nta, aliangalia mikono yangu. "Kumbe ni wewe," akasema. "Siku zote zile, kaka akiwepo?"

"Siku zote."

Akakaa juu ya gogo. Akaniuliza, kwa upole ambao sikuujua kama anao, kosa lake lilikuwa nini. Akaniambia nyumbani kwake wanasema amerogwa, mkewe kauza hata kuku kwa ajili ya waganga. Na mie nikamweleza. Nilimweleza taratibu, sikumuachia kitu, kama anavyoelezwa mtoto aliyefeli. Grisi ile uliyoiringia iligandisha msumeno juu. Meza iliota kutu ukawa unasukuma kwa kifua. Hukurogwa na mtu. Kipande cha mshumaa kingekuokoa, shemeji. Nilikuwa namtazama usoni nikisema, maana siku hiyo niliingoja muda mrefu.

"Na ulikuwa unasikia kule ndani?" akauliza.

"Kila kitu. Tangu mwezi wa pili. Ile Jumanne nilijua kabla yako."

"Hukusema."

"Ulinikataza sauti," nikamwambia. "Ulisimama dirishani pale ukanikataza mbele ya watu. Nikatii."

Nilidhani nimemmaliza. Nilishageuka nichukue brashi yangu. Yeye akautoa ule mkono chini ya kanzu, akautazama, akautazama ukuta wa chumba changu, na alipoongea hakuwa na hasira hata kidogo.

"Sauti nilikukataza, ni kweli," akasema. "Lakini si ungegonga ukuta tu, shemeji? Ningezima."